Mhariri, Dodoma hatuna vuli: neno la fundi cherehani kuhusu rangi za nguo

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niijibu makala ya ukurasa wenu wa mitindo, ile iliyowashauri wanawake wapange upya makabati yao kwa kufuata rangi za majira, yaani kila mtu awekwe kwenye fungu lenye jina la majira ya mwaka kwa kutazama rangi zinazomfaa usoni. Nimeikata na kuibandika ukutani juu ya cherehani yangu hapa Chang'ombe, Dodoma, kwa hiyo sisemi ya kusikia. Ina mambo mawili yaliyonigharimu. Kwanza ilisema sisi wenye ngozi nyeusi ni watu wa majira ya baridi, basi tuvae nyeupe ya karatasi, nyeusi na bluu kali. Pili iliyageuza majira ya Wazungu kuwa masika, kiangazi, vuli na kipupwe, na hilo nitalirudia.

Mimi niliamini. Nimeshona miaka 24, lakini neno likishapigwa chapa lina uzito wake, na mganga hajigangi. Nilinunua kitambaa cha bluu kali, nikajishonea gauni la Idi, nikatafuta na mtandio mweupe pe, nikapanda basi kwenda Kondoa kwa mama. Mama hakuitikia hata salamu. Alinishika kidevu, akanigeuza uso kwenye mwanga wa mlangoni, akauliza, "Mwanangu, umeugua lini?"

Haki lazima isemwe: kosa halikuwa la gazeti peke yake. Binti wa dada yangu, anayesoma chuo hapa mjini, alikuwa na programu kwenye simu inayodai kusoma rangi ya mtu kwa picha. "Ma'mdogo, kaa vizuri nikupige," akaniambia, nami nikakaa palepale kwenye baraza ya kazi. Simu ikajibu kama makala ilivyosema: majira ya baridi. Tukafurahi, mashahidi wawili wamekubaliana. Hakuna aliyeinua macho kutazama juu. Baraza yangu nimeiezeka kwa turubai la bluu.

Nimekaa chini ya turubai hilo miaka sita. Mwanga unaopita pale unatoka na ubluu wake, unamwangukia mtu usoni, na simu haijui kwamba ubluu ule si wake. Ndipo nilipokumbuka wateja wangu wote waliojaribu gauni la haradali pale wakalikataa, wakaenda kulivaa nyumbani na kunipigia simu jioni kusema kumbe ni zuri. Sasa turubai nimelishusha upande mmoja. Anayetaka kujiona ninamtoa nje, kivulini, si juani, maana jua la Dodoma la saa sita halichagui rangi, linaunguza zote. Na taa zile ndefu za dukani ziogope. Ukinunua kitambaa chini yake, omba ukitoe mlangoni kwanza.

Baada ya aibu ya Kondoa niliamua kusoma. Jambo lenyewe si la kipuuzi. Mchoraji mmoja wa Uswisi, Johannes Itten, aliyefundisha katika shule ya sanaa ya Bauhaus huko Ujerumani kuanzia 1919 hadi 1923, aliona katika ufundishaji wake kwamba mwanafunzi akiachiwa kuchagua rangi anazozipenda, mara nyingi atachagua zinazoelekeana na nywele na ngozi yake. Yeye alikuwa akifundisha uchoraji. Walioliingiza jambo hilo kabatini ni Wamarekani. Mmoja wao, Carole Jackson, alitoa kitabu mwaka 1980 kilichouzwa kwa mamilioni, akawagawa watu mafungu manne yenye majina ya majira. Waliofuata waliyakata mafungu hayo mpaka yakafika 12.

Ukiondoa majina, maswali yanabaki matatu, na yote fundi yeyote anayajua ingawa hakuyasomea. Rangi ina moto ndani yake, yaani umanjano, au imepoa, yaani ina ubluu? Ni nyepesi au imekoza? Ni kali au imefifia kama nguo iliyofuliwa mara nyingi? Damu ya mzee na zambarau iliyoiva zote zimekoza, lakini moja ina moto na nyingine imepoa. Ngozi nayo inaulizwa maswali hayohayo, kisha unatafuta vinavyoitikiana.

Tatizo ni kwamba fimbo ya kupimia ilikatwa kwa watu wengine. Ilitazama kama nywele ni za dhahabu, nyekundu au kahawia, kama macho ni ya bluu au ya kijani. Sisi nywele nyeusi, macho meusi au ya kahawia. Ukitupima kwa fimbo hiyo tunaangukia karibu wote kwenye kapu moja, na ndivyo ilivyofanyika: weusi tukarundikwa majira ya baridi. Kuna na kipimo cha mishipa ya mkononi, kwamba ikionekana kijani una moto na ikiwa bluu umepoa. Mjaribie jirani yangu muuza vitumbua, ambaye ni mweusi tii. Utautafuta mshipa mpaka mafuta yaungue.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, Mhariri, kwa sababu ushahidi ninao na niliushona mwenyewe. Novemba iliyopita kulikuwa na harusi mtaani kwetu. Kamati ilikaa vikao, wakabishana kuhusu ukumbi, wakabishana kuhusu michango, lakini rangi ya sare ilipita bila mjadala: pichi. Jora moja, fundi mmoja, magauni 38. Nililala saa tatu kwa usiku kwa wiki mbili. Siku yenyewe nikaalikwa, nikasimama pembeni ya ukumbi kama afanyavyo fundi, naangalia mapindo.

Wanawake 38 wakajipanga kumlaki bibi harusi, wote weusi, wote kwenye rangi ileile. Nilichokiona sikukitarajia. Mmoja mwenye weusi wa kahawa, wenye wekundu kwa mbali, alikuwa kama amewashiwa taa kifuani. Wa pembeni yake, mweusi wa kuelekea bluu, ngozi nzuri kuliko wengi pale, alionekana amepakwa majivu. Mmoja wa maji ya kunde alipotea kabisa, hukujua gauni linaishia wapi na shingo inaanzia wapi. Na bibi mmoja mwenye mvi zote, ambaye nilimshonea nikidhani rangi ya kitoto ile itamwaibisha, aliwapita wote. Kama sote ni wa majira ya baridi, mbona pichi moja ilituhukumu hukumu nne tofauti?

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Mteja akija kusema, "Fundi, hili gauni halinipendezi," miaka yote nilirudi kwenye kiuno. Nikapunguza kiuno, nikapandisha bega, nikabadilisha zipu. Mara nyingine hata nikamkasirikia kimoyomoyo kwamba amenenepa na hataki kukubali. Viuno vingi nilivyovifumua havikuwa na kosa lolote.

Basi niliporudi kutoka Kondoa nilichukua mfuko wangu wa vipande. Kila fundi anao: sandarusi iliyojaa mabaki ambayo tunasema tutayatumia na hatuyatumii. Nikachambua vipande kama 40 vyenye ukubwa wa kufunika kifua, kila rangi niliyoipata. Saa nne asubuhi nikakaa nje kwenye kivuli cha ukuta, uso umeelekea uwazi. Nywele nikafunga kitambaa cheupe, kifua nikafunika khanga kuukuu iliyopauka, ili rangi nyingine zisije zikaingilia. Uso nikaupaka mafuta kidogo. Hilo la mafuta silisomi kwenye makala yoyote lakini huku kwetu ni lazima. Upepo wa Juni mpaka Agosti unakausha ngozi mpaka inapauka, na ngozi iliyopauka hukataa kila rangi.

Jaji alikuwa muuza vitumbua, kwa sababu ana macho makali na hana adabu ya kudanganya. Nilimwambia asitazame kitambaa, atazame uso tu: chini ya macho, pembeni ya mdomo, ukingo wa taya. Kitambaa kikikaa chini ya kidevu hutupa rangi yake juu usoni. Kikikufaa, vivuli vinapungua na macho yanang'aa. Kisipokufaa, utaona kitambaa kwanza, uso baadaye. Yeye maneno yake yalikuwa mawili tu. "Hapa umelala." "Hapa umeamka."

Nyeupe ya karatasi, nimelala. Bluu ile ya Idi, nimelala fofofo. Nyeusi, akasema, "Unaenda msiba gani?" Waridi kali, nimelala. Kisha nikaweka haradali, ambayo kwa miaka 24 nimeikata kwa ajili ya wengine bila kujiwekea hata mita moja, akanyamaza kwanza. "Umeamka." Damu ya mzee, nimeamka. Rangi ya ugoro, kijani cha jeshi, rangi ya samli, nimeamka. Mimi ni mweusi wa udongo wa Kondoa, ule mwekundu unaoonekana kwenye makorongo ukiwa njiani, na nilikuwa nikivaa kila kitu isipokuwa rangi za nyumbani. Zambarau iliyoiva nayo ilipita. Kwa sheria za mafungu isingepita, maana imepoa, lakini jirani alisema nimeamka na mimi nilijiona kwenye kioo nimeamka. Nikaiweka upande wa ndiyo.

Sitaki msomaji adhani makala yenu ilikosea kwa kila mtu. Nina mteja, mwalimu mstaafu, mweusi wa bluu. Nilipomwekea haradali yangu hiyohiyo alifanana na mtu aliyetoka wodini. Nyeupe ya karatasi, waridi kali na bluu iliyoniaibisha mimi vilimfufua. Mwandishi wenu alimwandikia yeye. Sasa hapa kibandani tumeacha majira kabisa. Wateja wa namna yake tunawaita watu wa zabibu. Wale wa rangi laini iliyofifia, wanaopendeza kwenye rangi ya mchanga na kijani cha vumbi, ni watu wa ubuyu. Binti wa dada yangu ni wa ubuyu na hajafurahi, alitaka zabibu. Mafungu mengine bado hayajapata jina na sina haraka.

Kuhusu majina, sasa nirudi kwenye deni langu. Mhariri, Dodoma hatuna vuli. Mvua yetu ni moja, inaanza Desemba, inaisha Aprili, na ikichelewa tunakaa tunatazama mawingu. Vuli ni mvua ya wenzetu wa pwani na kaskazini, ya kati ya Oktoba na Desemba, na inapofika huko majani yanachipua. Majira ya Wazungu ambayo ninyi mliyaita vuli ni ya majani kukauka na kupukutika. Ni kinyume chake! Msomaji wa Moshi akiambiwa avae "rangi za vuli" atakwenda kununua kijani kibichi, kumbe mwandishi alikusudia kutu, haradali na kahawia. Kwetu rangi hizo utaziona Agosti, mibuyu ikiwa imebaki matawi matupu na nyasi zimekuwa rangi ya simba. Andikeni tu "rangi za majani makavu" na kila mtu ataelewa.

Sasa kabati. Nilitoa nguo zote nikazimwaga kitandani, nikahesabu: 61. Kati ya hizo, sare za harusi za watu, sendofu na vipaimara vya majirani zilikuwa 23. Ishirini na tatu! Nyingine zilikuwa za mabaki ya wateja, vitenge vya zawadi, na mitumba niliyonunua kwa sababu ilikuwa bei ya kutupa. Nilizochagua rangi mwenyewe, nikiwa na akili zangu, zilikuwa tano. Kabati langu lilikuwa limepangwa na kamati za harusi za Chang'ombe.

Sikutupa kama watu wanavyoshauriwa kutupa. Nguo 27 nilizirudisha kabatini kama zilivyo. Nyingine 14 nilizifanyia kazi, na hapa ndipo ufundi unapoingia, kwa sababu rangi inayosema na uso ni ile ya shingoni. Gauni la rangi isiyokufaa ukilibadilishia kola, au ukalizungushia shingo utepe mpana wa rangi yako, linakuwa la kwako. Sisi tunaojifunika mtandio tuna bahati zaidi: mtandio ndio unaoshika uso wote, na mtandio mmoja wa rangi sahihi huokoa magauni sita. Ule wangu mweupe wa Idi ulikuwa wa pamba, nikauchovya kwenye chai ya rangi iliyokolea iliyotiwa chumvi, ukatoka rangi ya samli. Wa polista usijisumbue, chai itateleza tu. Gauni la bluu nililikata kiunoni likawa sketi, maana bluu ikishuka mbali na kidevu haina ugomvi na mtu. Juu yake nikashona blauzi ya damu ya mzee kutoka kipande kilichobaki kwa mteja. Zile 20 zilizosalia nyingi zilikuwa sare. Baadhi zimekwenda kwa waliozihitaji, baadhi zimeingia kwenye mfuko wa vipande, na ile pichi yangu sasa ni foronya mbili.

Anayenunua mitumba ninampa msaada mwingine mdogo. Vipande vyake vinane au tisa vilivyomwamsha, navikata vidogo kama stempu ya barua, navitunga kwenye pini moja ya kufungia. Akienda soko la Sabasaba au mnadani Msalato anakuwa nayo kwenye mkoba. Balo likifunguliwa watu wanagombania, huna muda wa kujipima. Unaweka pini juu ya blauzi unaona kama vinaelewana. Ila utoke chini ya mwavuli wa muuzaji kwanza. Miavuli yao ni ndugu wa turubai langu.

Na kuna hesabu ya Dodoma ambayo hakuna kitabu cha Marekani kitakupa, nayo ni vumbi. Tangu serikali ihamie huku nimepata wateja wengi wanaofanya kazi Mtumba, kwenye mji wa serikali (utani wa watu wa Mtumba kuvaa mitumba nimeuchoka), na wengi walishuka na suti nyeusi. Nyeusi ya kiangazi hapa inafika ofisini ikiwa rangi mbili. Rangi ya mchanga, ugoro na kijani cha jeshi hubeba vumbi bila kulisema. Mtu wa zabibu ambaye rangi hizo hazimfai nampa sketi ya ugoro na blauzi yake ya zabibu, mambo yanakwisha. Nguo iliyokoza aianike kivulini, ndani nje, la sivyo kufikia Oktoba damu ya mzee inakuwa damu ya mgonjwa.

Wapo pia wanaoniletea uso mmoja na mikono mingine. Mkorogo umewang'arisha uso, shingo na vidole vimebaki vilivyozaliwa. Hao sijui niwapime wapi. Kitambaa kikikubali uso, mikono inakataa. Huwa nawapima kwa mikono.

Ninachoomba kwako, Mhariri, ni kwamba ukurasa wa mitindo ukiandika tena jambo hili, piga picha watu weusi watano wa weusi tofauti, nje, asubuhi, wakiwa na kitambaa kimoja. Wasomaji watajionea bila maelezo mengi. Na kama wapo wenyeviti wa kamati za harusi wanaosoma, wanielewe. Sipingi sare, nakula kwa sare. Chagueni rangi ya gauni, lakini kilemba na mtandio muwaachie watu wachague kati ya rangi tatu. Harusi ya Februari waliniruhusu kufanya hivyo. Picha zilipotoka, mama wa bwana harusi aliomba yake ikuzwe.

Idi ya kuchinja nilirudi Kondoa na ile sketi ya bluu, blauzi ya damu ya mzee na mtandio wa chai. Mama alinishika kidevu tena, akanigeuza mlangoni kama mara ya kwanza. Safari hii hakuuliza habari za ugonjwa. Aliishika kola ya blauzi, akaipapasa kati ya vidole, akauliza kama kitambaa kilibaki.

Kilibaki kidogo. Nimempelekea.

Wako,
Fundi cherehani wa Chang'ombe,
Dodoma